Senti ya Mnyonge Nayo ni Fedha Kamili

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama wa tawi, juu ya baiskeli ya tawi na heshima ya mnunuzi dukani



Kamati ya Tawi imetutaka tuseme mbele yenu juu ya baiskeli. Huenda wako watakaocheka na kuuliza: mkutano wa chama na baiskeli, wapi na wapi? Chama kina mambo makubwa: shule, maji, barabara, bei ya mazao. Twakubali. Lakini mambo makubwa huingia katika nyumba ya mtu kwa mlango mdogo. Mwananchi hakutani na Waziri kila siku, wala hafungui kitabu cha sheria kila siku. Mwenye duka hukutana naye kila siku. Na pale mbele ya kaunta, akiwa na fedha yake mkononi, ndipo ajuapo kama amehesabiwa kuwa mtu au hakuhesabiwa.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Tawi letu lina vitongoji saba, na kutoka cha kwanza mpaka cha mwisho ni mwendo wa saa tatu kwa miguu. Katibu wetu alikuwa akizunguka kwa miguu yake kupeleka barua za mikutano, kuandikisha wanachama, na kufuatilia michango ya darasa tunalojenga. Tukakubaliana tumnunulie baiskeli. Wanachama 56 walitoa kila mmoja shilingi 5,000, zikapatikana shilingi 280,000. Hizi hazikuwa fedha za mfadhili wala za tajiri. Zilikuwa fedha za mayai, za mkaa, za vibarua vya kupalilia mashamba ya watu. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba chetu kilichukua miezi minne kujaa.

Tulikwenda watu watatu mpaka duka moja la mjini. Hatukutaja jina la baiskeli tuitakayo. Tulitaja kazi yake. Tukasema: twataka baiskeli ya kubeba mtu mzima na mzigo wa kilo 20 au 30 kwenye keria, katika njia za mchanga na mawe. Mwuzaji akatutolea moja nyeusi inayong'aa, akasema ndiyo yenyewe, hata tukipakia gunia haitatikisika. Tukaitazama, tukaipiga kengele, tukalipa, tukapewa risiti ya mashine, tukarudi nayo kwa furaha.

Siku ya tatu pedali ya kushoto ilianza kucheza. Siku ya tano iling'oka, Katibu akaanguka na kuchubuka goti. Siku ya tisa gurudumu la nyuma lilianza kuyumba kama mtu atokaye kilabuni, na spoki mbili zikakatika. Tukaacha kuipanda, tukampelekea fundi wetu wa chini ya mwembe. Alipoifungua alituita tuone kwa macho yetu. Ndani ya habu ya nyuma grisi ilikuwa haba, na gololi zimekwaruzika. Spoki nyingine zilikuwa zimekazwa mno, nyingine zimelegea hata waweza kuzitikisa kwa kidole. Na pedali ya kushoto ilikuwa imeingizwa kwa nguvu na kwa upande, hata nyuzi za ndani ya krenki zikaliwa.

Hapa yafaa tufafanue, maana mtu asiyejua kitu kilivyotengenezwa ni rahisi kudanganywa. Baiskeli nyingi ziuzwazo kwetu hutoka India na China. Huja zikiwa vipande ndani ya maboksi, zikaungwa hapa hapa. Hilo peke yake si kosa. Viwanda vya Ludhiana na vya Shanghai vimetoa baiskeli imara kwa miaka mingi, kama vile zamani zile Raleigh za Nottingham zilivyowabeba baba zetu. Lakini iliyomo ndani ya boksi bado haijawa baiskeli. Hugeuka kuwa baiskeli mikononi mwa fundi aiungaye.

Sasa sikilizeni. Pedali ya kulia hukazwa kama skrubu nyingine zote. Pedali ya kushoto nyuzi zake zimekatwa kinyume, ili isijifungue yenyewe mtu anapokanyaga. Fundi mwenye elimu ya kazi yake huianza kwa vidole mpaka ikubali, ndipo akachukua spana. Fundi mwenye haraka huilazimisha kwa spana tangu mwanzo, akala nyuzi, akaifunika kwa rangi ya usoni, akaitoa dukani. Mnunuzi hawezi kuliona hilo kwa kutazama, kwa kuwa limo ndani ya chuma.

Gurudumu nalo hivyo hivyo. Watu wengi hudhani gurudumu husimama kwa unene wa rimu. Sivyo. Husimama kwa spoki zinazovutana kwa usawa. Spoki moja ni uzi mwembamba wa chuma tu, lakini spoki 36 au 40 zikivutana sawasawa hubeba mtu na gunia la mahindi. Zisipovutana sawasawa, chache hubeba mzigo wa wote, nazo hukatika moja baada ya moja. Tena hata gurudumu lililoungwa vema, spoki mpya hulegea kidogo katika majuma ya kwanza. Ndiyo sababu duka lenye adabu humwambia mnunuzi: irudishe baada ya majuma machache tuikaze. Sisi hatukuambiwa neno hilo.

Basi ubovu wa baiskeli ni jambo la kwanza. Chuma huweza kuharibika, na fundi huweza kukosea. Kilichotuumiza zaidi ni majibu.

Mara ya kwanza tuliporudi dukani tuliambiwa, "Mmeipakia mzigo." Tukajibu: ndiyo, tulikuambia tutaipakia mzigo, nawe ukasema itabeba. Akageuka kuzungumza na mteja mwingine. Mara ya pili tuliambiwa mwenye duka hayupo, turudi kesho kutwa. Mara ya tatu mwenye duka alikuwapo, akatuonyesha kibao kilichopigiliwa ukutani: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kisha akacheka mbele ya vijana wake, akasema, "Kwa bei ile mlitaka iruke kama ndege?" Safari tatu, nauli na siku za kazi zimekwenda, na jibu letu likawa kicheko.

Ndugu wanachama, kicheko kile hakikubaki mjini. Kilitutangulia nyumbani. Minong'ono ilianza hapa tawini: viongozi wamekula fedha, wamenunua baiskeli mbovu kwa bei ndogo, iliyobaki wamegawana. Mtunza hazina alibandika risiti kwenye mlango wa ofisi ili kila ajuaye kusoma amsomee asiyejua, kwa kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Minong'ono ilipungua. Lakini mama mmoja, mwuza mayai, alisimama katika mkutano akauliza swali ambalo hatujalisahau. Alisema: "Mchango wa darasa mnaoutaka mwezi ujao, nao utakwenda kununua bati katika duka kama lile?"

Hapo ndipo tulipoona ukubwa wa jambo hili. Mfanyabiashara mkaidi huiba zaidi ya shilingi 280,000. Huiba ile imani iliyomfanya mama yule afungue fundo la kanga yake. Mtu aliyedhulumiwa mara moja katika fedha ya umoja huacha kuchanga, na akiacha kuchanga darasa halipandi. Mnaona basi kwamba pedali iliyokazwa kombo yaweza kusimamisha ujenzi wa shule.

Wako waliotoa sababu mbili, nasi hatuna budi kuzijibu.

Wa kwanza walisema: rangi yao na kabila lao ndivyo walivyo, wafukuzwe. Tunawaambia: la, hasha. Taifa letu halikujengwa kwa kumhesabu mtu kwa ngozi yake, na tena historia yenyewe yawakanusha. Mwaka 1976, katika ile iliyoitwa Operesheni Maduka, maduka mengi ya watu binafsi nchini yalifungwa ili maduka ya ushirika na ya vijiji yashike mahali pake. Wazee walio hapa wanakumbuka uhaba wa bidhaa uliokuwako katika miaka ile na iliyofuata mpaka miaka ya 1980: foleni ndefu, rafu tupu, na mwuzaji aliye ndugu yetu kabisa akijibu kwa kutikisa kichwa tu. Duka lilikuwa letu, na dharau ikawa ile ile. Kwa hiyo kubadili jina la mwenye duka peke yake hakutoshi. Yapasa mwenye duka, awaye yote, ajue kwamba atajibu mbele ya sheria na mbele ya wanunuzi walioungana.

Wa pili walisema: rahisi ndivyo ilivyo, mlinunua ya bei ndogo, vumilieni. Nao tunawaambia: bei ndogo yaweza kupunguza urembo. Yaweza kuondoa taa, rangi nzuri, kiti laini. Haiwezi kuondoa haki ya pedali kukaa mahali pake. Na kwa mtu apalilie shamba la jirani siku nzima apate shilingi elfu chache, 280,000 si bei ndogo. Neno "rahisi" hutamkwa kwa wepesi na yule asiyelipa.

Wenzetu waliotutangulia waliliona jambo hili, wakafanya nini? Huko Uingereza, katika mji wa Rochdale, mwaka 1844, watu 28, baadhi yao wafumaji maskini, walichoka kuuziwa vyakula vilivyochanganywa na takataka na vipimo vya uongo. Walichanga fedha zao kidogo kidogo, wakafungua duka lao tarehe 21 Desemba mwaka huo, wakiuza unga, siagi, sukari na mishumaa. Sharti lao lilikuwa bidhaa safi na kipimo kamili. Kutoka duka lile dogo dunia ilijifunza mengi ya ushirika.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walilalamika miaka mingi juu ya mizani ya wanunuzi. Mkulima alijua uzito wa mzigo alioubeba kichwani, lakini mizani ilisema vingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walianza kujikusanya katika vyama vyao, na mwaka 1955 vyama hivyo viliunganishwa kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Watu waliojifunza kusimama pamoja mbele ya mizani hawakuona taabu kusimama pamoja mbele ya mkoloni. Msidharau basi ugomvi wa mizani wala ugomvi wa baiskeli.

Leo tuna silaha ambazo wale hawakuwa nazo. Nchi yetu ina Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, iliyofuata sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Maana yake kwa lugha ya kawaida ni hii: mnunuzi akimweleza mwuzaji kazi anayokitakia kitu, akategemea ujuzi wake, na mwuzaji huyo kazi yake ni kuuza vitu vya namna hiyo, basi kitu hicho yapasa kiifae kazi hiyo. Ndiyo sababu tumewaambia kwamba hatukutaja jina la baiskeli, tulitaja kazi yake. Tena tuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ikatazayo kumpotosha mnunuzi, na Tume ya Ushindani inayopokea malalamiko. Tuna Shirika la Viwango, ambalo asili yake ni sheria ya mwaka 1975. Ndugu zetu wa Kenya wamekwenda hatua nyingine: katika Katiba yao ya mwaka 2010, Ibara ya 46, haki ya mnunuzi kupata bidhaa zenye ubora unaofaa, na fidia akipata hasara kwa kasoro yake, imeandikwa pamoja na haki nyingine za raia. Na dunia nzima ina siku yake, tarehe 15 Machi, inayoadhimishwa tangu 1983, kwa kukumbuka ujumbe wa Rais John Kennedy wa Marekani wa mwaka 1962, aliotaja ndani yake haki nne za mlaji: usalama, kuarifiwa, kuchagua na kusikilizwa.

Zingatieni ile ya nne: kusikilizwa. Ndiyo tuliyonyimwa.

Kile kibao cha ukutani kinawatisha wengi. Kibao chaweza kumzuia mtu aliyebadili mawazo, aliyenunua nyeusi kisha akatamani nyekundu. Huyo hana dai. Lakini kibao hakigeuzi ubovu ukawa uzima. Kama mtu angeweza kujiandikia msamaha ukutani, kila mdanganyifu angenunua msumari na ubao.

Basi mara ya nne tulikwenda watu kumi. Hatukwenda na fimbo, tulikwenda na risiti, na barua ya ukurasa mmoja yenye tarehe zote, na fundi wetu akiwa ameshika krenki mkononi. Tulisimama kwa utaratibu, tukaamkia, tukasoma barua kwa sauti ya kawaida mbele ya wateja waliokuwapo. Hakuna aliyetukana. Biashara haigombi, na mdai haki naye hana sababu ya kugomba. Kabla hatujamaliza kusoma, wateja wawili waliokuwa wakipatana bei walisimama kusikiliza. Mwenye duka akasema tuingie ndani tuzungumze. Siku ile ile alitupa gurudumu jipya la nyuma, likakazwa mbele yetu. Krenki na pedali alikataa, na nauli zetu za safari nne, shilingi 32,000, alikataa. Krenki tumeinunua wenyewe ili kazi isilale, na risiti yake tunayo. Juu ya hayo yaliyobaki tumeandika kwa Tume ya Ushindani, na Kamati inashauriana juu ya kufungua dai katika Mahakama ya Mwanzo. Kwa hiyo hatukushinda yote, wala hatukushindwa. Yule aliyetucheka watatu hakutucheka kumi.

Sasa Kamati yaleta mbele yenu maazimio matano, myajadili na kuyapigia kura.

La kwanza: kila kitu kitakachonunuliwa kwa fedha ya tawi kinunuliwe na watu wasiopungua watatu, mmoja wao awe fundi wa kitu hicho. Nauli ya fundi ni ndogo kuliko hasara.

La pili: pamoja na risiti ya mashine, tudai karatasi yenye sahihi ya mwuzaji, itajayo namba ya fremu, kazi ya baiskeli, na muda wa dhamana. Neno la mdomo hupeperuka.

La tatu: kukagua kabla ya kulipa. Inua gurudumu la mbele, kisha la nyuma, lizungushe, utazame rimu karibu na breki kama yayumba. Ligonge spoki moja moja usikie kama zalia sauti moja. Fungua pedali ya kushoto na kuirudisha kwa vidole. Shika breki na kuisukuma baiskeli kwa nguvu. Ipande hatua mia moja. Mwuzaji akikataa, fedha irudi mfukoni, maduka ni mengi.

La nne: kasoro ikionekana, acha kukitumia kitu siku ile ile, andika barua, na ubaki na nakala. Lalamiko la juma la kwanza lina nguvu kuliko la mwezi wa sita, na lililoandikwa lina nguvu kuliko lililopigiwa kelele.

La tano ni zito, nasi twaomba mlisikilize kwa moyo mweupe. Wengi katika mkutano huu ni wauzaji. Wako wanaopanga nyanya nzuri juu na zilizooza chini. Wako wanaojaza majani katikati ya gunia la mkaa. Yako maziwa yanayokutana na maji njiani. Mteja akirudi analalamika, huambiwa: "Si ulichagua mwenyewe?" Ndugu, hilo ndilo jibu la mwenye duka la baiskeli kwa sauti nyingine. Hatuwezi kudai mjini haki tunayoinyima gengeni. Azimio lasema: mwanachama atakayemwuzia mwenziwe kwa hila ataitwa mbele ya Kamati kama tulivyokwenda sisi mbele ya duka, kwa adabu na kwa ushahidi, naye arudishe.

Ndugu wanachama, mara nyingi twaambiwa kwamba mteja ni mfalme. Sisi hatuutaki ufalme. Nchi hii ilikwisha kuamua juu ya wafalme. Twataka jambo dogo kuliko hilo na gumu kuliko hilo: mtu na mtu wasimame pande mbili za kaunta wakiwa sawa, mmoja atoe fedha halali, mwingine atoe bidhaa halali, na jambo likiharibika wasikilizane. Tukilipata hilo kwenye duka la baiskeli, tutalidai kwenye zahanati, kwenye ofisi ya kata, na kwenye ghala la mazao. Tukilikosa pale, tutazoea kulikosa kila mahali.

Maazimio yako mbele yenu. Yajadilini bila woga, na asiyekubali aseme.

Umoja ni nguvu.